Nchi Ambako Mama Humkana Mwanawe

Nchi ya Urejeo haiko mbali kama watu wanavyodhani, na namna nilivyofika huko haina jambo la maana la kusimulia. Nilichoka, nikafika. Nitaeleza sheria zake na mambo niliyoyaona kwa macho yangu, na pale nisipoelewa nitasema sikuelewa. Msomaji ajue tu kwamba mimi ni mtu wa wasiwasi tangu utotoni. Mlango nikiufunga, narudi kuusukuma nione kama kweli umefungika. Kwa mtu wa namna yangu, Urejeo si nchi ya kupumzikia.

Mpakani hawakuniuliza jina wala nitokako. Afisa aliniangalia usoni kwa makini, akasema, "Umerudi, au bado?"

"Ndiyo kwanza nafika," nikamjibu.

"Hilo naliona. Nakuuliza kama umerudi. Una kovu lolote? Uliwahi kumezwa na kitu?"

Nikamwambia sijawahi kumezwa, ila niliwahi kuumwa na mbwa wa jirani. Akanionea huruma ya kweli, yule bwana, kisha akanipaka chokaa begani. Alama ile maana yake ni kwamba mimi ni mbichi, na watu wote niliokutana nao baada ya hapo walianza kuniangalia begani kabla ya kuniangalia usoni.

Watu wa Urejeo wanapenda hadithi kuliko wali. Mababu zao waliona kwamba katika kila hadithi nzuri shujaa huondoka kwao, hukutana na zimwi, hupata taabu, kisha hurudi akiwa mtu mwingine. Wakajiuliza kwa nini heri hiyo waachiwe watu wachache wa kwenye hadithi, ambao hata hawakuwahi kuishi. Basi wakatunga sheria. Kila kijana akifikia umri, awe wa kiume au wa kike, hupelekwa Njiani. Njia ni idara ya serikali kama idara nyingine yoyote: ina pango lake, daraja lake, jangwa lake dogo, na watumishi wake wenye sare. Anayekwenda na kurudi huitwa aliyerudi, na mbele za watu huitwa Shujaa. Asiyekwenda ni mbichi. Mbichi haoi wala haolewi, hasemi mkutanini, na akifa hatajwi jina, husemwa tu "yule wa nyumba ile". Nilimwona mzee mwenye mvi kichwa kizima ambaye zamu yake ilisahaulika alipokuwa kijana. Alikuwa amekaa mkekani pamoja na watoto, anangoja ruhusa ya kunywa chai yake, na watoto walikuwa wakimsukuma.

Sheria inataka pia kila shujaa akutane njia panda na mzee wa kumpa maneno mazito. Kwa hiyo katika kila njia panda ya Urejeo amewekwa mzee, juani, na amekatazwa kabisa kusema jambo likaeleweka. Siku ya kwanza nilibanwa na haja, nikamwendea mmoja wao nikamuuliza choo kiko wapi. Akanipa maneno marefu kuhusu maji na kivuli cha maji. Nilipokuwa naondoka huku nikijikaza, akanivuta shati na kuninong'oneza, "Nyuma ya ukuta ule, mkono wa kulia. Lakini tafadhali, baba, usiseme mimi ndiye niliyekwambia. Mwenzangu wa kule sokoni amefukuzwa kwa kuelekeza watu."

Nilihudhuria Baraza lao kubwa, nikiwa nimekaa nyuma kwenye mkeka wa wabichi. Walikuwa wakibishana jambo ambalo, kwa nilivyoambiwa, wamelibishania tangu enzi za mababu: utamjuaje mtu aliyebadilika kweli? Kundi moja lilisema kwa kovu. Kundi la pili likasema makovu siku hizi hayaaminiki, kwa sababu vijana wanajikata kwa visu vya jikoni kabla hata ya kutoka nyumbani. Wao walisema mabadiliko yamo kwenye sauti. Wa kwanza wakajibu kwamba watoto wa mjini wanafundishwa kukoroma ndani ya mitungi ili warudi na sauti nzito. Kelele zilipozidi, mwanamke mmoja aliyevaa ushungi wa kijani akasimama na kuuliza, "Samahani wazee wangu. Kwani hawa watoto, kabla hatujawapeleka, walikuwa na kasoro gani?"

Mwenyekiti akasema swali hilo halimo katika mazungumzo ya leo, na yule mwanamke akakaa. Kisha wakaafikiana, kama wanavyoafikiana kila mwaka, kwamba kipimo cha kale ndicho bora. Kipimo hicho nimekiona, na tangu nikione usingizi wangu si ule wa zamani.

Kipimo ni mama. Wanasema aliyebadilika kweli hata mama yake mzazi hamjui tena. Basi kijana anayerudi kutoka Njiani hupakwa udongo usoni, huletwa uwanjani, na mbele ya mama yake udongo ule huoshwa. Mpimaji Mkuu huuliza, "Unamjua huyu?" Mama akisema hamjui, na mwili wake usipomsaliti, kijana amefaulu. Akimtambua, hata kwa kushtuka tu, hata kwa chozi, kijana anarudishwa Njiani akajaribu tena. Na akitambuliwa mara ya tatu, basi harudi kabisa. Hushonewa ngozi, huwekewa pembe, na huajiriwa humo humo Njiani kuwa zimwi mpaka mwisho wa uhai wake.

Aliyefaulu hukaa katika nyumba ya mama aliyemkana, kwa heshima kubwa, kama mgeni asiyeondoka. Yeye humwita mama "Bibi", na mama humwita "Shujaa". Majirani wana haki ya kusikiliza dirishani. Kutambuana baadaye, iwe jikoni au sokoni, iwe baada ya miaka, huhesabiwa sawa na kutambuana uwanjani.

Niliuliza kama kuna mama anayesema kweli katika kipimo hicho. Afisa wa mpakani, ambaye tulikuwa tumezoeana kidogo, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama samaki hunywa maji. "Mgeni wangu," akasema, "hilo swali mtu haliulizi."

Wageni wabichi hupangiwa kulala kwa wanawake wenye watoto Njiani, kwa kuwa kwao kuna mkeka mtupu. Mimi nilipangiwa kwa Bi Sikudhani, mjane mwembamba anayesema haraka na kutembea haraka zaidi, ambaye siku ya kwanza tu alinikaripia kwa kuacha viatu vyangu katikati ya mlango. Mwanawe wa pekee, Mwanaidi, alikuwa Njiani. Alikuwa amekwisha kurudi mara mbili, na mara zote mbili mama yake alimtambua.

"Mara ya kwanza nilipiga kelele," aliniambia, akichambua bamia. "Hata hawajamaliza kumwosha. Nilimwona anavyotembea, kisigino cha kushoto anakiburuza kidogo, nikasikia mtu anaita jina lake, kumbe ni mimi. Mara ya pili nikajifunga mdomo. Sikusema kitu. Nikaulizwa, nikajibu simjui, sauti safi kabisa. Watu wamekwisha kuanza kunipongeza. Kisha nikaangalia, nikaona mkono wangu uko shingoni kwake unamfunga kanga iliyolegea."

Akaushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, akautazama kama kitu cha kuazima. Zamu ya tatu ilikuwa imekaribia, wiki ile ile. Mimi, ambaye sikuwa na mtoto wala sikuwahi kumwona huyo binti, nilishindwa kumaliza ugali wangu.

Katika Urejeo wageni hupelekwa kuyaona mazimwi kama kwingine wanavyopelekwa kwenye bustani. Nilipelekwa darajani saa ya mapumziko, nikalikuta zimwi la daraja limevua kichwa na kukiweka kando, linakula muhogo wa kuchemsha. Ndani ya ngozi ile nene ya manyoya alikuwamo mtu wa makamo mwenye uso wa upole uliovimba kwa joto. Jina lake la nyumbani lilikuwa Chande.

"Karibu, karibu. Usiogope, sijaanza kazi," akasema. "Umefikia kwa nani?"

"Kwa Bi Sikudhani."

Akaacha kutafuna. "Mama yake Mwanaidi? Yule mtoto ana adabu sana. Wenzake wakifika hapa wananipiga mafimbo, maana ndivyo wanavyotakiwa. Yeye ananipiga pia, lakini kwanza huniuliza kama ngozi hii hainiunguzi."

"Inakuunguza?"

"Mno." Akajipepea kwa jani. "Mimi mama alinitambua kwa kikohozi. Mara ya pili alinitambua kwa nilivyosimama. Mara ya tatu sijui hata ilikuwaje, maana alikuwa amefumba macho. Alifumba macho, akageuza uso, na bado akainua mikono kunipokea."

Nikamuuliza kama anamlaumu. Chande akakiweka chini kipande cha muhogo alichokuwa nacho.

"Nimlaumu kwa lipi? Mwenzangu wa pangoni naye ni hivyo hivyo, na yule wa jangwani. Sote hapa ni watoto waliopendwa mno." Kisha akanisogelea. "Mwambie Bi Sikudhani asifumbe macho. Wengi hudhani inasaidia. Haisaidii. Na mikono aishughulishe, ashike kitu kizito."

Kengele ya kazi ikalia, akavaa kichwa chake, akaanza kunguruma. Nilirudi mjini nikiwa na hofu ambayo sikujua niiweke wapi.

Nilimpa Bi Sikudhani ule ujumbe. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, kisha akaingia chumbani na kutoka na kanga ya mwanawe. "Jifunge," akaniamuru.

"Mimi?"

"Kuna mwingine humu ndani?"

Basi mwanamume mzima, mwenye kitambi na chokaa begani, nilijifunga kanga kichwani, nikawa natembea sebuleni nikiburuza kisigino cha kushoto. Bi Sikudhani alisimama ukutani, amekumbatia jiwe la kusagia. Nikakohoa. Nikajikwaa. Nikaomba maji kwa sauti ya kukauka. Hizo ndizo hila za Wapimaji. Huwaagiza vijana wajikwae mbele ya mama zao ili waone kama mama atanyoosha mkono.

"Unamjua huyu?" nikauliza, maana nilikuwa Mpimaji pia.

"Simjui."

"Hujawahi kumwona?"

"Sijawahi."

Siku za mwanzo alikuwa akicheka kila nikijikwaa, na hilo lilinitia moyo. Baadaye akaacha kucheka, na nikatamani angecheka. Alifikia mahali pa kulisema lile neno bila kupepesa macho, jiwe limetulia mikononi, sura yake haina kitu chochote. Nikamwambia kwa furaha kwamba sasa ameiva, hakuna wa kumgundua. Akaweka jiwe chini.

"Wewe unafikiri naogopa kushindwa," akasema. "Naogopa hilo, ndiyo. Lakini nikishinda je? Nikisema simjui, nikasema vizuri hivyo, yeye atakuwa amesimama pale ananitazama. Yeye atasikia nini?"

Nilivua ile kanga nikaikunja, nikairudisha mahali pake.

Siku ya kupimwa uwanja ulijaa tangu alasiri haijaingia. Desturi yao ni kwamba umati husimama nyuma ya kijana, ukimtazama mama. Kumtazama kijana usoni kabla hajapimwa ni utovu wa adabu. Mpimaji Mkuu, Bwana Kombo, huletwa kutoka mji mwingine ili asiwe na mtu anayemjua. Alikuwa mnene, mchangamfu, mwenye leso ya kujifutia jasho, na aliwasalimu akina mama kama mtu aliyealikwa harusini. Mimi niliruhusiwa kusimama karibu na Bi Sikudhani kwa kuwa mbichi hahesabiwi. Nilikuwa nimeangalia mara nyingi kama jiwe lipo mikononi mwake, na lilikuwepo.

Akaletwa binti mrefu aliyepakwa udongo mpaka kwenye kope. Nikaangalia kisigino chake cha kushoto, lakini vumbi lilikuwa jingi na sikuona vizuri. Wakamwosha kwa kata za maji, polepole, mpaka uso wote ukajitokeza.

"Mama," akasema Bwana Kombo kwa upole, "unamjua huyu?"

Bi Sikudhani alimtazama. Alimtazama kwa muda mrefu kuliko tulivyofanya mazoezi.

"Simjui," akasema.

Bwana Kombo akampa ishara binti. Binti akakohoa. Bi Sikudhani hakutikisika. Binti akajikwaa, akaanguka kabisa, magoti chini, kanga ikamteleza shingoni. Nilisikia wanawake nyuma wakivuta pumzi. Bi Sikudhani alisimama vile vile, jiwe mikononi, na kama kulikuwa na kitu usoni mwake kilikuwa mshangao wa mtu aliyekosea nyumba.

"Hujawahi kumwona?"

"Sijawahi kumwona maishani mwangu."

Bwana Kombo akainua leso yake juu, na vigelegele vikalipuka uwanja mzima. Ngoma zikapigwa. Nililia, siku hizi sioni aibu kusema. Nilijiona kama mwalimu ambaye mwanafunzi wake amefaulu. Bi Sikudhani alinishika mkono, nikadhani ananishukuru, ila kucha zake ziliingia ndani ya nyama.

Umati ulitusindikiza mpaka nyumbani, binti akiwa mbele amefunikwa maua. Majirani walimzunguka wakimshangaa. "Tazameni alivyobadilika!" akasema mmoja. "Hata pua! Pua yake ilikuwa fupi, mnakumbuka? Mashallah, hii ndiyo safari." Mwingine akasema hata masikio si yale. Walikuwa wanafurahi kutoka moyoni, na hakuna hata mmoja aliyeacha kutazama pua ile na masikio yale akajiuliza swali la pili.

Mlango ulipofungwa, binti alikaa sebuleni kwenye mkeka, magoti yake yamechubuka. Bi Sikudhani akanivuta mpaka jikoni, akateleka mbaazi zichemke ili kifuniko kipige kelele, kwa ajili ya watu wa dirishani.

"Yule si Mwanaidi," akasema.

"Hongera," nikamnong'oneza. "Hata humu ndani umeweza—"

"Nisikilize, wewe mtu! Sisemi ya uwanjani. Nasema si yeye. Sikudanganya pale. Nilikuwa nimejiandaa kudanganya, nikamtazama, nikakuta sina cha kudanganya. Yule mtoto simjui."

Nikamwambia labda kweli amebadilika, labda hayo ndiyo yanayosemwa na mababu. Akaniangalia kwa hasira hata nikaona haya kwa maneno yangu. Nikamwambia basi twende upesi kwa Bwana Kombo kabla hajaondoka, tukamweleze.

"Tukamweleze nini? Kwamba simjui? Nimekwisha kumwambia hivyo mbele ya mji mzima, na wakanipigia vigelegele." Alikuwa akitetemeka sasa, yule mwanamke ambaye jiwe lilikuwa limetulia mikononi mwake saa nzima. "Mwanangu yuko wapi? Kama huyu ameletwa kwangu, wangu amepelekwa wapi? Wamemshonea ngozi?"

Nilimfikiria Chande na uso wake uliovimba. Bi Sikudhani hakuningoja. Alitoka jikoni, akapiga magoti mbele ya yule binti na kumshika mabega yote mawili.

"Shujaa," akasema kwa sauti kubwa, kwa ajili ya dirisha, "karibu nyumbani kwetu." Kisha kwa sauti ambayo nusura nisiisikie, "Wewe ni mtoto wa nani?"

Binti alitazama dirisha, akatazama chokaa ya begani kwangu, akaona mimi si kitu. "Naitwa Siwema," akanong'ona. "Kwetu Mkondoni. Mama yangu amenitambua mara mbili, kama wewe. Sisi wa mara ya tatu hulazwa kibanda kimoja kusubiri udongo, hakuna anayetaka kukaa nasi. Mle ndani tulikuwa wawili tu, mimi na Mwanaidi."

"Ikawaje?"

"Tulikuwa tunaongea juu ya mama zetu. Yeye akaniambia, mama yangu hawezi. Hata mdomo ukiweza, mikono haitaweza. Nikamwambia wangu hawezi hata mdomo. Kisha akasema, basi wasilazimishwe. Wapimaji hawatujui sura, na ukipakwa udongo kila mtu ni kila mtu. Akasema, wewe nenda kwetu, mimi niende kwenu. Waulizwe kitu wanachoweza kukijibu kweli."

Bi Sikudhani alikuwa bado amemshika mabega. "Na yeye? Amepimwa?"

"Mkondoni hupima siku moja kabla ya hapa. Leo asubuhi walipokuwa wananipaka udongo wakawa wanaongea juu yake. Mama wa Mkondoni hakushtuka hata kidogo. Wanasema hawajawahi kuona mabadiliko makubwa namna ile." Akatazama magoti yake yaliyochubuka. "Bibi, nilipoanguka sikuagizwa nianguke. Niliogopa. Nilikuona umeshangaa sana, nikafikiri utasema, huyu si mwanangu, wangu mmemweka wapi, na sote wawili tungekwisha."

Ndipo nilipoielewa sheria ile barabara. Serikali nzima, na pango lake na mazimwi yake, iliwekwa juu ya neno la mwanamke mmoja, na sasa wanawake wawili walikuwa wamelisema kwa ukweli mtupu. Mwanaidi alikuwa salama kwa sharti kwamba mama yake asimwone tena. Akimwona tu, hata kwa bahati, hata sokoni, ule mkono utainuka.

Mimi, kwa ujinga wa mtu anayetaka kusaidia, nikasema nitakwenda Mkondoni. Mbichi hahesabiwi. Nitapita, nitamsalimia, nitaleta habari.

"Usiende," akasema Bi Sikudhani. "Utarudi hapa na sura yako hiyo, isiyoficha kitu. Nitaisoma, na majirani nao wataisoma. Usiende, nakuomba."

Akainuka. Jua lilikuwa linazama na ngoma za nje zilikuwa zimepungua. Alipakua chakula kama anavyopakuliwa shujaa aliyerudi, sinia kubwa, mbaazi, wali, bakuli la bamia alizozichambua kwa ajili ya siku ile. Tulikaa watu watatu tukizunguka sinia. Bi Sikudhani hakula. Alikuwa akiutazama mlango wa upande wa Mkondoni.

"Siwema," akasema mwishowe, polepole kabisa. "Mama yako, saa hizi, atakuwa amepika nini?"

Binti alifikiri. "Leo? Mtama na kunde. Anapenda kutia pilipili nyingi."

"Mwanaidi hali pilipili. Zinamtoa machozi, na hasemi. Atakula tu ili asimuudhi mtu."

"Mama ataona," akasema Siwema. "Humtazama mtu anavyokula. Ataona, na kesho hatatia."

Bi Sikudhani akatikisa kichwa kwa kukubali, akatikisa tena, akajifuta uso kwa ncha ya ushungi. Kisha kwa mara ya kwanza akaangalia sinia yenyewe, upande wa yule binti, akaona wali umeliwa na mbaazi zimeliwa, na bakuli moja halijaguswa.

"Na wewe," akasema, "nini huli?"

Siwema akatazama dirisha, halafu akatazama chini.

"Bamia, mama."

Bi Sikudhani akalichukua lile bakuli, akalirudisha jikoni, na nikamsikia anavuta mbuzi na kuanza kukuna nazi.